Logini ya Django: nimeifunga kwenye mfumo wa vikoba, maoni yangu haya hapa

Mwenye haraka asome aya hii tu aende zake: kama unajenga mfumo kwa Python, una databesi, na unataka watu waingie kwa jina na paswedi, chukua logini inayokuja na Django uitumie hiyo hiyo, usijifanye fundi wa kuandika ya kwako. Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeikata kwa sababu ilitengenezwa kwa mtu mwenye imeili anayeifungua kila asubuhi, na wateja wangu mimi ni wamama wa kikoba ambao maisha yao yote yako kwenye namba ya simu. Kwenye hiyo nyota moja ndo kuna kazi yenyewe na huko ndo nitakaa sana.

Kwa asiyeijua, Django ni fremuweki ya Python ya kujengea tovuti na mifumo, ni bure, na ilizaliwa kwenye gazeti, Lawrence Journal-World huko Kansas Marekani, vijana wa pale walianza nayo 2003 na 2005 wakaiachia kwa watu wote. Jina ni la mpiga gitaa Django Reinhardt. Mimi naona hayo ya gazeti yanaeleza mengi, maana chumba cha habari kina waandishi wengi na wahariri na kila mtu ana anachoruhusiwa kugusa na asichoruhusiwa, kwa hiyo suala la nani kaingia na anaweza kufuta nini walilifikiria mapema, halikubandikwa juu juu baadaye.

Kuiwasha ni muda mfupi tu. Unaanzisha mradi, django.contrib.auth tayari imo, unapiga migrate na databesi inapata tebo zake (auth_user ya watu, auth_group ya makundi, auth_permission ya ruhusa, django_session ya walioingia), unapiga createsuperuser unajipa akaunti ya bosi, ukifungua /admin unaingia. Mpaka hapo hujaandika mstari hata mmoja wa logini. Ukitaka wateja wa kawaida nao waingie unaongeza mstari wa django.contrib.auth.urls kwenye urls zako na unapata njia za kuingia, kutoka, kubadilisha paswedi na kurudisha paswedi iliyosahaulika. HTML ya ukurasa wa kuingia unaandika mwenyewe, faili linaitwa registration/login.html. Mtu mgeni huwa anashtuka akishaingia, maana anapelekwa /accounts/profile/ ambayo haipo, anaona 404 anadhani logini imegoma kumbe imemkubali vizuri tu, dawa ni kuweka LOGIN_REDIRECT_URL. Na kingine cha kuchekesha, usipoandika kurasa zako za kurudisha paswedi basi mteja anaonyeshwa zile za admini, zenye sura ya admini kabisa, mama wa watu anabaki kujiuliza kaingia ofisi ya nani.

Kujisajili hakumo. Fomu ipo, inaitwa UserCreationForm, ila ukurasa wenyewe unaujenga wewe. Kwa kikoba wala haikunipa shida kwa sababu huko mtu hajisajili, anasajiliwa na katibu baada ya kulipa kiingilio, ila kama una duka la mtandaoni jua hiyo kazi ni yako.

Sasa twende kwenye kitu kilichonifanya niipende, namna inavyotunza paswedi. Kuna mfumo niliwahi kuachiwa na jamaa mmoja aliyehamia kazi nyingine, nafungua tebo ya watumiaji nakuta safu ya paswedi imeandikwa wazi kabisa, jina, simu, paswedi, mtu yeyote mwenye bakapu ya ile databesi ana funguo za watu wote na kwa vile watu wanatumia paswedi moja kila mahali ana funguo za imeili zao pia. Hii sio stori ya watu wadogo tu. RockYou walivamiwa 2009 na paswedi zaidi ya milioni 32 zikakutwa zimetunzwa wazi, na LinkedIn 2012 walikuwa wamezipitisha kwenye SHA-1 bila chumvi (chumvi naieleza aya inayofuata), hesabu nyepesi ambayo kompyuta inazimaliza haraka mno. Na MD5, hesabu nyingine ya aina hiyo hiyo ambayo bado utaikuta kwenye mafunzo mengi ya zamani ya PHP ndo usiseme.

Django haitunzi paswedi, inatunza heshi yake, yaani jibu la hesabu ambayo huwezi kuirudisha nyuma ukapata paswedi, na ukichungulia kwenye tebo utaona imeandikwa vipande vinne vilivyotenganishwa na alama ya dola: jina la hesabu iliyotumika, idadi ya mizunguko, chumvi, halafu heshi yenyewe. Chumvi ni herufi za nasibu ambazo kila mtu anapata zake, kwa hiyo hata Mama Neema na Mama Juma wakichagua paswedi moja heshi zao hazifanani. Hesabu yenyewe kwa kawaida ni PBKDF2 na kila toleo wanaongeza mizunguko ili mwizi achoke zaidi, toleo la 4.2 ilikuwa 600,000, 5.0 ikawa 720,000, 5.1 ikawa 870,000 na 5.2 ikafika 1,000,000. Uzuri ni kwamba ukipandisha toleo huna haja ya kuwaambia watu wabadilishe chochote, mtu akiingia tu na paswedi yake ya zamani ikakubali, Django inaipiga upya kwa mizunguko mipya na kuandika heshi mpya kimya kimya. Nani angekumbuka kuandika hiyo mwenyewe? Ukitaka Argon2 ambayo ilishinda yale mashindano ya heshi za paswedi ya 2015 nayo ipo, unaongeza laibrari moja na kuipanga ya kwanza kwenye PASSWORD_HASHERS. Gharama yake ni kwamba kwenye seva ya bei chee utaona kuingia kunachukua kamuda, na ukiwa na majaribio mengi ya programu yanajikokota, ila kwenye majaribio peke yake unaruhusiwa kuweka heshi nyepesi.

Halafu kuna ujanja mdogo ambao niliukuta nikisoma kodi yao nikacheka mwenyewe. Ukijaribu kuingia kwa jina ambalo halipo kabisa, Django bado inapiga ile hesabu nzito ya heshi bure tu, haina cha kulinganisha nayo, inafanya hivyo ili anayepima muda wa majibu asiweze kujua jina lipi lipo na lipi halipo. Mtu anayeandika logini yake usiku akiwa na usingizi hawezi kufika huko.

Tuje kwenye malalamiko ya wateja, na la kwanza ni hili: kwa nini paswedi isiwe namba nne kama ya M-Pesa? Mradi mpya wa Django unakuja na wakaguzi wanne wa paswedi, mmoja anataka herufi zisipungue 8, mmoja anakataa paswedi inayofanana na jina lako, mmoja ana orodha ya paswedi 20,000 zilizozoeleka anazikataa zote, na wa mwisho anakataa paswedi ya namba tupu. Huyo wa mwisho ndo adui wa kikoba. Wanachama wamezoea PIN ya namba nne na wanaona unawatesa makusudi. Mimi sikumwondoa. PIN ya simu inafanya kazi kwa sababu lazima uwe na ile laini mkononi na ukikosea mara chache inafungwa, wakati ukurasa wa wavuti uko wazi kwa dunia nzima na namba nne ni michanganyiko 10,000 tu, programu ya kubahatisha inaimaliza wakati unakunywa chai. Nilichowaambia ni waweke maneno mawili matatu wanayoyajua wao, nafasi inaruhusiwa, na wengi wameelewa kuliko nilivyotegemea. Ile orodha ya 20,000 imetokana na paswedi zilizovuja huko duniani, kwa hiyo usiitegemee ijue za kwetu, yanga2025 na mungunimwema na jina la kikoba chenyewe. Unaweza kumpa yule mkaguzi faili lako kwa password_list_path, ila angalia, ukimpa faili lako anaacha lile la kwao, kwa hiyo muorodheshe mara mbili, mmoja bila faili na mmoja na faili lako la herufi ndogo, kila paswedi mstari wake.

Haya sasa ile nyota niliyokata.

Mtumiaji wa kawaida wa Django anajulikana kwa username. Ana safu ya imeili ambayo inaweza kuwa tupu, ana first_name na last_name, basi. Hakuna simu. Majina ni mawili wakati kitambulisho cha NIDA kina matatu, na kwenye kikoba kuna akina Asha Juma wanne wanaotofautishwa na hilo la tatu. Username yenyewe inatofautisha herufi kubwa na ndogo, Rehema na rehema kwake ni watu wawili, fomu yao ya kusajili imeanza kukataa hilo kwenye toleo la 4.2 ila kwenye kuingia bado lazima uandike vilevile ilivyosajiliwa. Unaweza kusema si uweke tu namba ya simu kwenye username, na kweli inakubali, ina nafasi ya herufi 150, mpaka utakapoona mmoja kaandika kuanzia 07, mwingine 2557, mwingine +2557, na mwingine kaweka nafasi katikati kama ilivyoandikwa kwenye kadi ya duka, na wote wanasema mfumo wako mbovu.

Django wanajua hili na tangu 1.5 (2013) wamekupa njia ya kuleta modeli yako ya mtumiaji (modeli ni kodi ya Python inayoeleza tebo). Unarithi AbstractUser, unafuta username, unaweka simu kuwa ya kipekee, unaandika USERNAME_FIELD = "simu", unarekebisha na meneja wa kuunda akaunti kwa sababu yule wa kwao anadai username, kisha kwenye mipangilio unaweka AUTH_USER_MODEL. Kabla ya kuhifadhi na kabla ya kutafuta unasafisha namba iwe sura moja, mimi nimechagua +255 na tarakimu tisa, na usafishaji huo ufanyike sehemu moja tu ambayo usajili na logini zote zinapita, ukiuandika sehemu mbili siku moja zitatofautiana. Inafanya kazi vizuri mno. Tatizo ni LINI unafanya. Lazima iwe kabla ya migrate ya kwanza, maana tebo zote zenye kiungo cha mtumiaji zinaelekezwa kule, na ukishakuwa na data kubadilisha ni upasuaji wa mkono ambao nyaraka zao wenyewe zinakuonya. Nyaraka hizo hizo kwa miaka mingi zilipendekeza kwa nguvu kila mradi mpya uanze na modeli yako hata kama leo hutaki kubadilisha kitu. Sasa mimi swali langu ni kama mlipendekeza kwa nguvu hivyo mbona startproject, ile amri ya kuanzisha mradi, haitutengenezei? Mtu mpya anafuata mafunzo mwanzo mwisho, anamaliza ana mfumo mzuri, anagundua habari ya modeli ya mtumiaji akiwa tayari na watu mia tatu ndani.

Na msije mkaifanya simu kuwa ufunguo mkuu wa tebo. Namba zinabadilika mikono, laini isipotumika muda mrefu kampuni inaigawa kwa mtu mwingine, na mwanachama akibadili namba hutaki michango yake ya miaka ibaki imening'inia. Acha id ya kawaida iwe ufunguo, simu iwe kitu cha kuingilia tu.

Kurudisha paswedi ndo kichwa kinauma zaidi. Ya kwao ni ya imeili: mtu anaandika imeili, anatumiwa linki, linki inaishi siku 3, na imeundwa kwa akili sana kwa sababu haitunzwi popote kwenye databesi, inapigwa hesabu kutoka kwenye heshi ya paswedi ya sasa na muda wa mwisho wa kuingia, ukishabadilisha paswedi au ukishaingia linki inakufa yenyewe. Na ukiandika imeili isiyokuwepo inakupa ukurasa ule ule wa kusema angalia imeili yako, haimtajii mpelelezi kwamba huyu yupo huyu hayupo. Safi kabisa, ila waulize wanachama wa kikoba imeili yao. Wengi wanayo, maana simu ya Android inaidai, ilifunguliwa na kijana wa duka la simu siku ile ile ya kununua, jina la akaunti hawalijui na paswedi alibaki nayo yule kijana kichwani au hata yeye kaisahau.

Kwa hiyo ni meseji, na meseji ni hela. Kwenye mfumo mzima wa logini hicho ndo kitu pekee kinacholipiwa kila kinapotumika, na mwenye kikoba ataiona kwenye bili. Nilipitia njia mbili. Moja ni kutumia jenereta yao ile ile ya tokeni (ile sehemu ya siri ya linki) ukaituma linki kwa meseji badala ya imeili, na inaingia vizuri kwenye meseji moja ya herufi 160 kama jina la tovuti yako sio refu kama treni, faida yake ni kwamba usalama wote wa Django unabaki. Ubaya watu wamefundishwa kila siku redioni wasibonyeze linki zinazokuja kwa meseji, na wako sahihi, sasa wewe unakuja kuwafundisha kinyume. Njia ya pili ni tarakimu 6 za kuandika kwenye ukurasa, watu wameizoea, ila hiyo Django haina, unaijenga wewe na kuna mambo ya kutosahau: iishe muda baada ya dakika chache, itumike mara moja, ikosewe mara chache tu ife, uitunze ikiwa heshi sio wazi, na kila namba iwe na kikomo cha meseji kwa siku la sivyo mtoto mtundu atabonyeza "tuma tena" mpaka salio la meseji likauke. Nimebaki na hiyo ya pili. Kwa mweka hazina na mwenyekiti, wenye uwezo wa kuidhinisha mikopo, meseji haitoshi, wizi wa kubadilisha laini upo, hao wakisahau paswedi wanarudishiwa na admini baada ya kuonana uso kwa uso kwenye kikao. Ni ya kizamani lakini kikoba ni watu wanaoonana kila wiki, tuutumie huo utaratibu.

Kubahatisha paswedi: Django haizuii. Mtu anaweza kujaribu mara milioni na itamjibu kwa adabu kila mara, na nyaraka zao zinasema wazi kwamba hawajaweka kizuizi. Wengi wanaongeza django-axes, laibrari ya kumfungia anayekosea mara nyingi, hata mimi. Ila isome vizuri kabla, maana kwa kawaida yake inafunga kwa anwani ya IP, na huku kwetu mtandao wa simu unaweka wateja wengi nyuma ya IP moja, mmoja akikosea mara tatu umefungia na wenzake ambao hata hawajui kikoba chenu kipo au, kibaya zaidi, wanakijua na ndo wako kwenye kikao wanataka kuingia wote kwa pamoja. Iweke ifunge kwa jina na IP kwa pamoja. Na kama una nginx mbele (seva inayopokea wateja kabla ya Django) hakikisha axes inaona IP halisi ya mteja, la sivyo wote wanaonekana wanatoka 127.0.0.1 na kosa la mmoja linafungia kijiji kizima.

Ruhusa ni sehemu tamu. Kila modeli inapata ruhusa nne bila kuomba, kuongeza, kubadilisha, kufuta na kutazama, unatengeneza makundi ya mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mwanachama, unagawa, umemaliza, na kwenye admini unabofya tu. Lakini ruhusa hizo ni za aina nzima ya kitu sio za kitu kimoja kimoja. Ukimpa katibu ruhusa ya kutazama mikopo, kwa Django ni mikopo yote, ya kikoba chake na cha jirani, yeye akibadilisha namba tu kwenye anwani, /mkopo/45 aweke 46, kama hujachuja mwenyewe anaona deni la mtu asiyemjua. Kumbe mtu kaingia kihalali kabisa na paswedi yake. Kwa hiyo kila unapochota data anza na kikoba cha huyo aliyeingia, request.user.kikoba kwanza halafu mikopo yake, usichote mkopo kwa id peke yake hata siku moja. Na toleo la 5.1 la 2024 limeleta LoginRequiredMiddleware ambayo nimeipenda kupita kiasi, zamani ulikuwa unafunga ukurasa mmoja mmoja na ukisahau mmoja uko wazi, sasa kila kitu kimefungwa na wewe unafungua unavyotaka viwe wazi. Ukisahau sasa mtu anakupigia simu kulalamika, zamani ulikuwa hupigiwi.

Sesheni, yaani ile kumbukumbu kwamba mtu ameshaingia, kwa ufupi. Mtu akiingia anabaki ndani wiki mbili, sawa kwa simu yake mwenyewe, sio sawa kwa katibu anayejaza michango kwenye kompyuta ya steshenari, kwa hao weka SESSION_EXPIRE_AT_BROWSER_CLOSE au punguza muda. Mtu akibadilisha paswedi vifaa vingine vyote vinatolewa nje, nzuri kwa aliyeibiwa simu. SESSION_COOKIE_SECURE inakuja ikiwa imezimwa, iwashe ukishakuwa na HTTPS, na HTTPS ni bure siku hizi kwa Let's Encrypt hakuna kisingizio. Piga manage.py check --deploy itakutajia hayo na mengine uliyosahau. Tebo ya django_session haijisafishi, weka clearsessions iwe inapigwa kila usiku. Na kwa wanaotoka matoleo ya zamani, linki ya kawaida ya "Toka" haifanyi kazi tena kuanzia 5.0, kutoka ni lazima iwe fomu ya POST.

Kuhusu washindani sitakaa sana. Firebase Authentication ina kuingia kwa namba ya simu tayari imo, kishawishi kikubwa, ila meseji zinalipiwa na watu wako wanakaa kwa Google wakati mikopo yao iko kwenye databesi yako, kila siku unahakikisha pande mbili zinalingana. Flask-Login, ya fremuweki nyingine ya Python inayoitwa Flask, inashika sesheni tu, habari ya paswedi ni juu yako. Kwa PHP password_hash ipo tangu 5.5 na ni nzuri, tatizo sio PHP ni yale mafunzo ya MD5 yasiyokufa. Halafu kumbuka Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kazi Mei 2023, Kenya wana ya kwao ya 2019, majina na simu na madeni ya watu ni taarifa binafsi, sasa ukivujisha hautaulizwa ulitumia fremuweki gani, utaulizwa ulizilinda vipi. Mimi napenda kuwa na data yote kwenye databesi moja ya Postgres ninayojua iko wapi.

Lugha nayo: ukiweka LANGUAGE_CODE = "sw" Kiswahili kipo, meseji kadhaa zinatoka kwa lugha yetu bila kazi, zilizobaki unajaza mwenyewe.

Sasa kwa yule aliyesoma mpaka hapa huku akitokwa jasho kwa sababu ana auth_user ya kawaida na watu tayari wamo, hakuna haja ya kubomoa. Tengeneza tebo ya Mwanachama yenye OneToOneField (kiungo cha mmoja kwa mmoja) kwenda kwa mtumiaji, simu iliyosafishwa ikae humo na iwe ya kipekee, jina la tatu likae humo humo. Halafu andika backend yako ndogo (kipande kinachoamua nani aingie) yenye authenticate inayopokea kilichoandikwa, inakisafisha, inamtafuta mwanachama kwa simu, inaangalia paswedi kwa check_password pamoja na is_active, inarudisha mtumiaji. Usipompata piga heshi ya bure kama wanavyofanya wao. Iweke kwenye AUTHENTICATION_BACKENDS juu ya ile ya kwao ukiiacha ya kwao nayo ibaki, wa zamani wataendelea kuingia kwa username, wapya kwa simu, na mistari yote haizidi thelathini. Anza na nakala ya databesi kwanza, kwenye kusafisha namba lazima utakuta watu wawili wenye simu moja, mara nyingi ni mume na mke, na hao itabidi uwapigie.